Saa Kumi ni Saa Ngapi? Lugha ya Mapokezi ya Usiku na Uajiri katika Hoteli za Kisangani

1. Utangulizi

Hoteli ya Kisangani inapotafuta mtu wa kukaa mapokezi usiku, kwa kawaida humtaka mwombaji awe na mambo matatu: diploma, Kifaransa safi na uaminifu. Mambo hayo yana maana, na makala haya hayakusudii kuyapinga. Nauliza tu swali moja la kiisimu: je, usaili unapima lugha ambayo kazi yenyewe inaihitaji?

Nitaonyesha kwamba haupimi. Usaili hufanyika mchana, kwa Kifaransa, mbele ya mtu aliyekaa. Kazi hufanyika usiku, kwa Kiswahili na Lingala, mbele ya mtu aliyechoka kwa safari, kisha huandikwa kwa Kifaransa katika daftari. Ugumu wake haumo katika sarufi ya lugha moja. Umo katika kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kupoteza saa, siku wala fedha njiani. Nitachambua sehemu tatu ambapo maana hupotea, kisha nitapendekeza jaribio fupi ambalo mwenye hoteli anaweza kumpa kila mwombaji.

Suala hili linanigusa kwa sababu naishi Masako, kilomita 14 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya zamani ya Buta, kando ya hifadhi ya msitu ambako wenzetu wa Kitivo cha Sayansi hufanya utafiti wao. Vijana wengi wa kwetu huzungumza Kikumu nyumbani, Kiswahili barabarani, Lingala sokoni na Kifaransa darasani. Wanapoomba kazi mjini, lugha ya nne ndiyo pekee inayohesabiwa.

Mifano nitakayotoa nimeitunga mwenyewe kwa kufuata mazungumzo ya kawaida ya mapokezini. Hakuna mgeni aliyenukuliwa.

2. Kwa nini lugha tatu zikutane kwenye meza moja

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika ibara yake ya kwanza kwamba Kifaransa ni lugha rasmi, na kwamba Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Katika miji mingi ya nchi yetu, moja kati ya hizo nne hutawala. Kisangani una mbili.

Historia inaeleza sababu. Kiswahili kilifika hapa kwa njia ya nchi kavu kutoka mashariki, pamoja na wafanyabiashara wa Hamed bin Muhammed, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip. Kituo cha Wazungu kilianzishwa penye maporomoko mwaka 1883, na mwaka 1887 Tippu Tip mwenyewe akafanywa gavana wa eneo hilo. Lingala ilipanda mto kutoka magharibi, pamoja na meli na askari wa Force Publique. Mji ukawa mahali ambapo barabara ya mashariki na mto wa magharibi hukutana.

Hali hiyo haijaisha. Anayeshuka kwenye boti kutoka upande wa Kinshasa huanza na "Mbote". Anayeingia na vumbi la barabara ya Nia-Nia na Beni huanza na "Jambo". Afisa au mtu wa shirika anayetoka uwanja wa ndege wa Bangoka huanza na "Bonsoir". Wote watatu wanaweza kufika kwenye meza ile ile kati ya jua kuchwa na jogoo kuwika, na mtu wa zamu yuko peke yake. Mchana angemwita mwenzake. Usiku hana wa kumwita.

3. Saa

Tuanze na kosa lililo la kawaida kuliko yote, na ambalo huleta hasara kubwa.

Kiswahili cha Tanzania na Kenya huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Saa moja asubuhi ni 7 h 00 na saa moja usiku ni 19 h 00. Huku kwetu, wengi tuliojifunza kusoma saa darasani kwa Kifaransa hutumia maneno ya Kiswahili lakini tunabaki na hesabu ya Kifaransa, inayoanza usiku wa manane na adhuhuri. Lingala ya mjini nayo hufuata hesabu hiyo: "ngonga ya minei" ni 4 h 00 au 16 h 00. Maneno ni yaleyale, lakini tofauti ni ya saa sita. Tazama:

(1) Niamshe saa kumi.

Kwa aliyezoea hesabu ya pwani, akisema hivyo usiku, (1) ni 4 h 00. Kwa aliyezoea hesabu ya darasani, ni 10 h 00. Mtu anaweza kufikiri kwamba kuongeza wakati wa siku kutaondoa utata. Mara nyingine huondoa: "saa kumi alfajiri" haiwezi kuwa 10 h 00. Lakini si kila mara:

(2) Niamshe saa tano asubuhi.

Kwa mwanafunzi wa Kisangani, (2) ni 5 h 00, kabla ya jua kupanda. Kwa mgeni kutoka Nairobi au Arusha ni 11 h 00. Zote mbili ni asubuhi. Neno "asubuhi" limekuja kama shahidi, lakini ushahidi wake unazifaa pande zote mbili.

Najua msichana mmoja wa Masako aliyepata kazi ya usiku katika hoteli moja ya mjini. Kifaransa chake ni kizuri, na ndicho kilichompatia kazi. Usiku mmoja mfanyabiashara aliyetoka mashariki alimwambia sentensi (1). Akaandika "10 h" katika daftari, akamwachia mwenzake wa mchana. Gari la yule mgeni liliondoka kabla ya mapambazuko. Asubuhi mgeni alidai fedha zake za chumba na nauli aliyopoteza. Hoteli ilimrudishia, ikamkata msichana kwenye mshahara, na mwisho wa mwezi ikamwambia asirudi. Sababu iliyotolewa ilikuwa "uzembe". Kwa jicho la isimu, uzembe haukuwapo. Alisikia kila neno sawasawa, akaliandika sawasawa kwa hesabu yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hesabu ni mbili, na usaili haukumuuliza.

Dawa ya utata huu ni nyepesi. Mtu wa mapokezi asirudie neno lile lile ("Saa kumi, sawa"), kwa sababu kurudia hakuongezi habari. Arudie kwa kipimo kingine:

(3) Papa, sasa ni usiku wa manane. Nikuamshe baada ya masaa manne, kabla jogoo hajawika?

Sentensi (3) inafanya mambo mawili. Inahesabu kutoka sasa, na "sasa" ni moja kwa wote wawili. Tena inataja tukio linaloonekana, ambalo halitegemei saa ya mtu yeyote. Njia nyingine ni kumwonyesha mgeni saa ya ukutani na kumwomba aguse mahali mshale utakapokuwa.

4. Siku na fedha

Katika Lingala neno "lobi" lina maana ya jana na pia ya kesho. Wanaoizungumza hawapotei, kwa sababu kitenzi hubeba tofauti:

(4a) Nafutaki lobi. (Nililipa jana.)
(4b) Nakofuta lobi. (Nitalipa kesho.)

Katika (4a) kiambishi -aki mwishoni mwa kitenzi kinaonyesha wakati uliopita. Katika (4b) kiambishi -ko- katikati kinaonyesha wakati ujao. Sasa mfikirie mtu aliyekulia katika Kiswahili, aliyejifunza Lingala kwa kusikiliza muziki na marafiki. Kiswahili kimemzoesha kutafuta siku katika kielezi: jana, leo, kesho. Saa nane za usiku, kwa hesabu ya pwani, mgeni anapita mbele ya meza akisema (4b) kwa sauti ya usingizi. Sikio linakamata "futa" na "lobi", linaacha -ko-. Katika daftari inaandikwa "payé". Asubuhi chumba hakina fedha, na daftari linasema zipo.

Usiku wenyewe nao una utata. Mtu anayefika saa moja baada ya usiku wa manane akisema "nitalipa kesho" anaweza kuwa na maana ya asubuhi hii inayokuja, kwa kuwa hajalala bado na kwake siku haijageuka. Kalenda ya hoteli tayari imegeuka. Vivyo hivyo kwa mtu anayepiga simu kuagiza chumba cha "usiku wa Ijumaa". Katika desturi ya Waswahili wa pwani, siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa kalenda ya Kifaransa huo ni Alhamisi. Kiswahili chenyewe kina tiba yake: "usiku wa kuamkia Ijumaa" hauna pande mbili. Daftari la Kifaransa nalo lina desturi nzuri ya kuandika tarehe mbili, usiku wa 12 kuamkia 13. Anayezijua njia hizo mbili ameshafunga mlango wa ugomvi.

5. Kukataa na kutunza siri

Sehemu ya tatu haihusu hesabu, inahusu usalama. Usiku watu huja kuuliza kama fulani amelala hapa. Anayeuliza anaweza kuwa ndugu, anaweza kuwa mdai, anaweza kuwa mume anayemtafuta mke aliyemkimbia. Mtu wa mapokezi hawezi kujua. Kanuni ya kazi ni kutothibitisha wala kukana. Tatizo ni kwamba sarufi huweza kuthibitisha bila mwenye kinywa kukusudia. Linganisha majibu haya:

(5a) Hajarudi bado.
(5b) Nitamwambia.
(5c) Majina ya wageni hatuyatoi, mama. Ukiacha ujumbe, na mtu huyo akiwa kwetu, ataupata.

Jibu (5a) linaonekana kama la kukana, lakini kiambishi -ja- kinabeba maana ya jambo linalotazamiwa. Asiyerudi bado ni mtu anayelala hapa. Jibu (5b) nalo haliwezi kutimizwa ila mtu yupo. Ni (5c) pekee lenye sharti la -ki- katika "akiwa", ambalo linaacha mambo mawili wazi: yupo au hayupo. Hapa viambishi vya silabi moja, tunavyovifundisha ubaoni kwa mifano ya Juma na kitabu, vinalinda uhai wa mtu.

Sauti ya heshima nayo ni sehemu ya kazi. Kisangani mgeni mtu mzima huitwa papa au mama hata kama hatujuani, na aliyetuzidi kidogo huitwa yaya. Kukataa kunakoanza na "papa" hupokewa kwa namna tofauti na kukataa kunakoanza na "hapana". "Papa, vyumba vimejaa leo, lakini nitakuonyesha mahali pengine" humwacha mgeni na uso wake. Anayejua Kifaransa cha diploma peke yake hutafuta "monsieur", na kwa mzee aliyetoka safari usiku, neno hilo lina baridi ya ofisi.

6. Jaribio ninalopendekeza

Kutokana na uchambuzi huu, mwenye hoteli anaweza kuongeza katika usaili wake jaribio la robo saa. Linahitaji msahihishaji mmoja anayeelewa lugha zote tatu, na waombaji wote wapewe maswali yaleyale.

Sikio. Msahihishaji asome sentensi nne au tano kama (1), (2), (4a) na (4b), kwa mwendo wa kawaida, kama mgeni aliyechoka. Mwombaji aandike katika daftari kwa tarakimu za saa 24. Katika sentensi zenye utata, anayeandika mara moja bila kuuliza asipewe alama kamili hata akipatia. Anayesimama na kuuliza kwa kipimo kingine, kama katika (3), ndiye aliyefaulu. Tunatafuta mtu anayejua wapi pa kutilia shaka.

Kinywa. Msahihishaji aigize mtu anayemuuliza mgeni fulani, kisha aigize mgeni aliyekosa chumba. Lugha ya kuanzia achague msahihishaji, na aibadilishe katikati. Kinachopimwa ni kama mwombaji anamfuata, anatunza siri na anatunza heshima.

Kalamu. Mwombaji aandike kwa Kifaransa mistari mitatu ya kumwachia mwenzake wa asubuhi: nani aamshwe, nani hajalipa, nani alikuja kuuliza. Hapo Kifaransa kinapimwa kwa kazi yake halisi. Mistari mitatu iliyo wazi inafaa kuliko hotuba nzuri kuhusu nafsi yake. Katika zoezi hili apewe pia jina la mgeni wa nje. Fomu zetu zina "nom", "postnom" na "prénom", lakini Mganda au Mtanzania hana "postnom". Tuone kama mwombaji atauliza jina lipi ni la ukoo, au atajaza nafasi kwa kubahatisha.

Kuna jambo ambalo jaribio lisipime. Kiswahili cha Kisangani kina tabia zake: bageni kwa wageni, "ya" mahali pa wa, la, cha na vya, na upatanisho wa ngeli uliolegea. Anayesema "vyumba imejaa" ameeleweka, na hakuna mgeni atakayekosa gari kwa sababu ya kiambishi cha ngeli. Sisi wanafunzi wa lugha tuna mazoea ya kusahihisha kinachotuudhi masikio. Mapokezini kinachosahihishwa ni kinachomdhuru mtu.

7. Lugha ya mkataba

Utata wa saa haumsumbui mgeni peke yake. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaitambua kazi ya usiku kuwa ile inayofanywa kati ya 19 h na 5 h, na inaweka kikomo cha masaa 45 kwa juma. Kwa hesabu ya pwani, usiku huo wa kisheria ni kutoka saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwenye hoteli akimwambia kijana kwa mdomo, "Utaanza saa moja, utamaliza saa kumi na moja", na kila mmoja akabaki na hesabu yake, wameshaanza kazi kwa kutoelewana. Saa za zamu ziandikwe kwa tarakimu katika mkataba, na zisomwe kwa sauti katika lugha ambayo mwajiriwa analalia na kuamkia.

Sheria hiyo pia inaruhusu muda wa majaribio usiozidi miezi sita kwa mfanyakazi mwenye ujuzi. Huo ni muda wa kutosha wa kumfundisha mtu anayeyajua mambo mawili katika matatu. Mwombaji mwenye sikio zuri na Kifaransa cha wastani anaweza kufundishwa mistari ishirini ya daftari kwa majuma machache. Kumjengea mtu mzima sikio la Lingala na hesabu mbili za saa huchukua muda mrefu zaidi.

Na kwa anayetoka mbali, kama sisi wa Masako, swali la njia liulizwe wazi katika usaili. Zamu ikianza 19 h, mtu lazima aondoke kijijini jua lingali juu, kwa mguu, kwa toleka au kwa pikipiki. Ikiisha kabla ya mapambazuko, atasubiri kupambazuke ndipo apande baiskeli. Hoteli inayoweka zamu iishe 6 h na kumpa mtu nauli itabaki na mfanyakazi wake, hasa akiwa mwanamke. Hoteli isiyouliza itamwita mchelewaji.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kazi ya mapokezi ya usiku katika mji wetu ni kazi ya tafsiri, ingawa hakuna tangazo linaloiita hivyo. Anayeifanya hupokea saa katika hesabu mbili, siku katika neno moja lenye pande mbili, na maswali ambayo jibu lake linaweza kumfichua mtu kwa silabi moja. Kisha huyaandika yote katika lugha ya tatu, peke yake, huku wengine wamelala. Usaili unaopima lugha hiyo ya tatu tu humwacha nje anayefaa, na humwingiza anayefaa bila kumwonya.

Kwa wenzangu wa kitivo nina pendekezo moja. Maswali ya jaribio hili yanaweza kuandikwa na wanafunzi wa isimu katika alasiri mbili, pamoja na ufunguo wa majibu, na kupelekwa kwa wenye hoteli wa Makiso na kwa vijana wanaojiandaa kuomba kazi huko. Ukurasa mmoja unatosha. Mstari wake wa kwanza uwe sentensi (1), na chini yake tarakimu mbili, 4 h 00 na 10 h 00, ili mwajiri na mwombaji wajue kabla ya kusaini kwamba wote wawili wanaweza kuwa sahihi.